Redio ya kiunoni

Wanaokuja hapa kwa ajili ya mishono watanivumilia, leo hakuna gauni. Tangu nilipogusia kwamba asubuhi nakimbia na redio kiunoni, maswali ya redio yameyapita ya vitenge. Ni redio gani? Bei gani? Na lile linaloulizwa zaidi, tena kwa mshangao: kwa nini redio, na simu unayo?

Nianze na hilo la simu.

Simu yangu ni nzuri, kanunulia mwanangu, na ndani yake kuna kila kitu isipokuwa redio. Nyingi za siku hizi ziko hivyo. Tundu la eafoni limeondolewa na FM ikaondoka nalo, maana waya wa eafoni ndio uliokuwa antena yake. Mwanangu akaniambia, "Mama, pakua programu, utasikiliza stesheni yoyote ya dunia." Nikapakua. Ni kweli, dunia yote imo. Lakini matangazo ya intaneti yanayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa, na ya kilobiti 128 hula karibu 58. Zidisha kwa wiki, halafu uangalie bei ya bando. Tena yanachelewa. Ukitaka kujua yanachelewa kiasi gani, sikiliza kwa simu mechi ya Mashujaa, timu yetu ya mpira, siku wanayocheza hapa nyumbani Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika: mtaa mzima umeshashangilia goli, wewe mtangazaji wako bado anakuambia mpira umetoka, unarushwa.

Na simu ina watu ndani yake. Kabla sijatoka jasho kuna mama anauliza kama sare za mtoto ziko tayari, kuna kikundi cha michango ya harusi kinakumbushana, kuna ndugu anaomba salio. Redio haina namba ya kupigiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza.

Kazi ya cherehani ni kukaa. Unakaa asubuhi, unakaa mchana, msimu wa Idi unakaa hadi usiku, na kinachofanya mazoezi ni miguu kwenye pedeli tu. Nesi aliyenipima presha hakunipa hotuba ndefu. Alisema Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, akaniuliza mimi napata ngapi. Nikanyamaza. Basi nikishaswali alfajiri navaa raba, nashika barabara ya lami ya kutoka Ujiji kuelekea Mwanga. Nafika ninapofika, nageuza. Natembea haraka, nakimbia kidogo, natembea tena.

Sasa redio yenyewe.

Nilikwenda Mwanga, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nikiwa na raba zangu miguuni. Kijana wa dukani akanishushia moja kubwa ya mapambo.

"Dada, chukua hii. Ina flashi, ina memori, ina bluetooth, tochi mbele, taa zinacheza pembeni. Inapiga mpaka mtaa wa tatu."

"Mdogo wangu, mtaa wa tatu wana redio zao. Mimi nataka nisikie peke yangu, nikiwa nakimbia."

Akanitazama miguuni. "Unakimbia nayo kwenda wapi, dada?"

Hapo ndipo penye jambo langu. Redio ya mezani unaweza kuichagua palepale dukani. Ya mazoezi haichaguliki hivyo, kwa sababu dukani imetulia juu ya kabati, antena imevutwa, na stesheni anayokufungulia muuzaji ndiyo yenye nguvu kuliko zote mjini. Hata kijiko kingeishika ile. Redio ya mazoezi lazima itoke nje, itikiswe, ifichwe chini ya nguo, igeuzwe upande, ndipo uone kama bado inasema. Kwa hiyo niliomba kutoka nayo mpaka barabarani. Mteja mwenye raba anaomba kutoka na mali ambayo hajailipia! Tulikubaliana niache mkoba, na bado kijana alisimama mlangoni akinihesabia hatua.

Kitu cha kwanza nilichokuwa naangalia ni waya. Redio ndogo za mfukoni nyingi hazina antena ya kuvuta, waya wa eafoni ndio antena. Stesheni za FM zimepangwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Pale katikati, kwenye 100, wimbi moja lina urefu wa mita 3, na antena ya robo ya wimbi inalipokea vizuri. Robo hiyo ni sentimita 75. Waya wa kawaida wa eafoni unazidi hapo, kwa hiyo urefu si tatizo. Tatizo ni sisi tunavyoufanya. Tunauvingirisha, tunaufunga kwa lastiki, tunautia mfukoni pamoja na redio ili usituchezee shingoni, halafu tunalalamika redio inakoroma. Unyooshe. Mimi naupitisha kutoka kiunoni, nyuma ya mgongo juu ya fulana, mpaka chini ya ushungi, hauonekani na haunivuti nikinyanyua mkono. Mwili wa mtu nao hunyonya mawimbi, ndiyo maana ukiushika waya kwa kiganja sauti hubadilika. Hivyo usiubandike kwenye ngozi yenye jasho kama unaweza kuupitisha juu ya nguo. Na anayetaka eafoni zisizo na waya ajue kwamba redio yake itahitaji antena nyingine, na ile ya kuvuta ukikimbia nayo kiunoni itamchoma mtu.

Cha pili ni kufuli. Ziko redio za mshale, unazungusha gurudumu, na ziko za namba, unabonyeza. Napenda za mshale kwa moyo wangu wote, ndizo nilizokulia, na sauti ikipatikana unajua umeipata kwa mkono wako. Ila ukikimbia, gurudumu likigusana na nguo, mshale unahama. Unaanza na taarifa ya habari unamalizia na mahubiri. Za namba zinashika stesheni barabara na zinakumbuka ulizoziweka, lakini zile zisizo na kitufe cha kufunga vitufe vingine ni balaa zaidi, kwa kuwa kila hatua kiuno kinabonyeza kitu. Nilizijaribu kwa kuruka ruka pale mbele ya duka. Watu waliokuwa wanasubiri bajaji walifurahi sana asubuhi ile.

Jaribu pia kutoa betri, ngoja kidogo, irudishe. Nyingine husahau stesheni zote, na hiyo ina maana kila betri ikiisha unaanza kuzitafuta upya, barabarani, gizani.

Halafu uchujaji, yaani redio kuzitenganisha stesheni zilizokaribiana. Huku Kigoma hili ni zito kuliko kwa mtu wa Dodoma, kwa sababu tuna ziwa. FM husafiri kwa kunyooka, mlima ukiizuia imezuilika, lakini juu ya maji hakuna mlima. Na ziko nyakati hewa ya joto inatanda juu ya hewa baridi, mawimbi yanapinda nayo, yanafika mbali kuliko kawaida yake. Ndiyo maana mtu wa Ujiji anakwambia jana nilishika Burundi safi, leo hakuna kitu, na redio ni ileile. Kwenye mshale mmoja una Kiswahili cha kwetu, Kirundi, Kifaransa, Kiswahili cha Kongo, na gitaa. Redio mbovu haiwezi kuwatenganisha hawa. Stesheni yenye nguvu ya hapa mjini inamwagikia majirani zake wote, kila unapogusa ni yeye. Kwa hiyo usipimie redio kwa stesheni kubwa. Tafuta ile hafifu iliyokaa karibu na kubwa, uone kama itaisikia peke yake. Kijana wa dukani hakupenda kipimo hiki, na nilimwelewa, kilimwangushia redio mbili.

Kama redio ina swichi ya stirio na mono, inunue hiyo hata ukiongeza elfu mbili. Stesheni ikiwa mbali, stirio inaleta mchirizi wa "shhhh" nyuma ya sauti. Ukiiweka mono mchirizi unapungua na sauti inasimama. Wanaovaa eafoni sikio moja wana sababu nyingine: kwenye stirio, vyombo vingine vinapelekwa kushoto na vingine kulia. Utasikiliza taarabu nusu, uone ajabu zeze limekwenda wapi.

Mimi navaa sikio moja. Bodaboda za alfajiri zinakuja bila taa, na mtu aliyeziba masikio yote hazisikii. Zaidi ya hapo, hii ni Ujiji. Huwezi kumpita mzee anayetoka msikitini bila shikamoo, na yeye akikusalimia ukapita kimya, habari itafika nyumbani kabla yako: fundi siku hizi ana maringo. Kwa hiyo sikio la barabarani liko wazi, la redio liko la upande wa pili. Sauti pia naiweka chini. Shirika hilohilo la Afya linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ukifika mahali panapokimbizana malori, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza. Usiongeze. Ngoja lori lipite.

Masafa ya kati, yale ya AM, niliyajaribu kwa udadisi tu. Antena yake haiko kwenye waya; ni kijiti cha feraiti kimelala ndani ya redio, kimezungushiwa waya mwembamba, na kinapokea vizuri kikiwa kimekaa ubavu kuelekea mtambo. Ukipinda kona, kijiti kimepinda nawe, sauti inafifia. Mkimbiaji wa njia iliyonyooka anaweza kuvumilia. Barabara yangu ina kona.

Na masafa mafupi, yale ya SW, ni ya kukaa. Marehemu baba alikuwa nayo mezani, National ya mbao, na magharibi hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ile ya Ujerumani 1963, na kwa Kigoma ya wakati ule, Dar es Salaam yenyewe ilitufikia kwa masafa hayo. Sauti inakuja na kwenda kama wimbi la ziwani, na baba anaishika redio masikio kwa mikono miwili akiielekeza. Betri zikichoka tulitumwa kuzianika juani juu ya bati. Watu wa leo wanacheka, lakini lilikuwa jambo la kweli: joto linaichangamsha kemia ya ndani ya betri, inapata nguvu kidogo ya kumalizia taarifa ya habari, kisha inakufa moja kwa moja. Ukiwa na redio ya masafa mafupi nyumbani, ujue balbu za LED na chaja za simu ndizo zinazoipigia kelele, itoe uani utashangaa. Lakini usikimbie nayo.

Nimetaja betri, na hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko popote.

Redio za siku hizi zina betri za aina tatu. Ziko zilizojengewa betri ndani, huwezi kuifungua bila bisibisi na bahati. Ikichoka, redio imechoka. Hizo niliziweka pembeni mara moja, hata kabla ya kuuliza bei. Ziko za betri ndogo mbili za voti 1.5, na hizi ni za heshima, zinauzwa kila genge kuanzia hapa mpaka Kalinzi, na umeme ukikatika haikuhusu. Ila nunua za alkali kama mfuko unaruhusu, zile za bei ya chini zikikaa zinayeyuka na kula chuma cha ndani. Na ziko zinazotumia BL-5C, ile betri bapa ya simu za zamani za Nokia. Voti 3.7, unaichaji, inatoka kwa ukucha. Nani Kigoma hana moja kwenye droo? Mimi nilikuwa nazo kwenye bati la vifungo, chini ya zipu, na simu zake zilikwishakufa siku nyingi. Nilimbebea kijana wa dukani moja, akaitia, redio ikawaka. Hapo ndipo nilipoanza kupatana bei.

Alianzia elfu thelathini. Nilimwambia betri nakuachia yako ubaki nayo, mimi ninayo. Tukamalizana elfu ishirini na mbili, bila eafoni. Eafoni za kwenye boksi ni za mapambo, waya wake mwembamba kama uzi wa kudarizi na unakatika pale unapoingia kwenye pini. Nilinunua nyingine kwa machinga, nikaenda nazo kwa fundi redio akaniongezea lehemu na kimpira pale penye pini, na hapo ndipo zinapodumu.

Jina la redio sitaji, si kwa ubaya. Boksi limeandikwa jina moja, mgongoni jina lingine, na ukirudi dukani mwezi ujao ileile itakuwa na jina la tatu. Ndiyo sababu nimewaeleza vipimo badala ya jina.

Nasikiliza nini? Mara nyingi TBC Taifa asubuhi, taarifa ya habari na vichwa vya magazeti, na hapo natembea. Matangazo ya vifo natembea pole zaidi, haipendezi kukimbia wakati mtu anasomewa ukoo wake. Lakini kukimbia kwangu kumepangwa na ng'ambo. Muziki wa Kongo una utaratibu wake: wimbo unaanza taratibu, mwimbaji analalamika mapenzi, magitaa yanambembeleza, dakika zinapita. Halafu gitaa la solo linabadilika, ngoma zinabadilika, mtu anaanza kupiga kelele za kuita majina, sebene imeingia. Maneno natembea, sebene nakimbia mpaka iishe. Sijui itakuja lini wala itachukua muda gani, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Ningechagua nyimbo mwenyewe kwenye simu ningechagua zenye sebene fupi, najijua. Kuna mtangazaji wa upande ule anapenda kuirudisha sebene mwanzo inapokaribia kuisha. Simfahamu jina, lakini siku akinikuta kwenye mwinuko namwombea umeme ukatike.

Sisi wa enzi za mchakamchaka hili si geni. Shuleni tulikimbia kwa kuimba, aliyeongoza wimbo ndiye aliyeongoza mwendo, na mwalimu wa zamu alikuwa nyuma na fimbo. Sasa fimbo haipo, kiongozi yuko Kongo.

Limebaki jasho. Chumvi ya jasho inakula tundu la eafoni na vile vichuma vya betri. Redio nyingi za mazoezi zinauawa na hilo hata kabla hazijaanguka. Zamani ungetia redio kwenye kifuko cha plastiki ukafunga fundo, lakini mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Nikaangalia kwenye mabaki yangu. Kitenge kinanyonya, dacron inateleza, jinzi ni nzito. Kitambaa cha mwavuli ndicho: chepesi, hakipitishi maji, na kinashika mshono bila kuchanika. Nilikishona mfuko wenye kifuniko cha kukunjia chini, tundu dogo la waya kwa chini pia ili jasho lisiteremke nalo kuingia ndani, na nyuma lastiki pana ya kiunoni. Vitufe vinabonyezeka kwa juu ya kitambaa. Nikirudi natoa redio, naifuta kwa kitambaa kikavu, naiacha mlango wa betri wazi mpaka nimalize chai.

Majirani wawili wameshaniomba mfuko kama huo, na mmoja wao hata redio bado hajanunua. Nashona kwa elfu tatu, lakini uje na mwavuli wako mbovu, wangu umeisha. Rangi nyeusi ikiwezekana. Ya maua inaonesha uchafu.